Msemaji wa Alama za Verdiane

Katika milima ya Karuba, siku watu wanapokuja kumwomba msichana kwa ndoa, yeye hukaa chumba cha ndani, mlango umefungwa, na hafungui kinywa mpaka msemaji wa kwao amalize kusema. Akisifiwa, anyamaze. Akibandikwa sifa asizokuwa nazo, anyamaze vilevile. Murekatete Verdiane, binti wa Sebahire, aliijua sheria hiyo tangu utoto. Aliiheshimu katika arusi za dada zake watatu, ambako alisikia wakisifiwa kwa upole ambao nyumbani haukuonekana hata siku moja. Aliivunja mara moja tu, na siku hiyo hakuwa anaolewa. Alikuwa anaomba kusomea udaktari.

Shida yake ilikuwa alama. Darasa la tatu la sekondari alipata sabini na nne kwa mia. La nne, hamsini na moja. La tano, sabini na mbili. La sita, hamsini na mbili. Ukizisoma kwa mfululizo zinapanda na kushuka kama barabara ya Mushaki. Kisha ukaja mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ule ambao kila mtu anauita Exetat, na Verdiane akapata sabini na saba. Shule yao haikuwahi kuiona alama ya namna hiyo. Walimmwagia poda kichwani mpaka akafanana na mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga, wakamzungusha kijijini wakiimba.

Sababu ya alama hizo kupanda na kushuka ilijulikana na kila mtu nyumbani, na hakuna aliyeitaja. Ilikuwa miaka ya vita. Amani ilipokuwepo, ng'ombe wa Sebahire walikuwa malishoni na maziwa yalikuwa mengi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha kutengenezea jibini, ambayo huko wanaiita fromage. Mama yake, Libérata, alikuwa na maumivu ya mgongo. Kwa hiyo Verdiane ndiye aliyechemsha maziwa, akakamua maji ya jibini, akazigeuza zile za jana na za juzi. Alifika shuleni masomo ya asubuhi yamekwisha, akasinzia katika yale yaliyobaki. Vita ilipokuja, kaka zake waliwaswaga ng'ombe kwenda mbali, na familia ikakimbilia Sake kwa shangazi Drocella. Huko hapakuwa na maziwa wala jibini. Sebahire, akiona aibu binti yake kukaa kwa watu bila kazi, alimwambia aende shule. Basi alikwenda, kila siku, akasoma.

Hakuna mwenye akili anayeishukuru risasi. Walizika majirani, walilala chini ya turubai, walirudi wakakuta milango imefanywa kuni. Lakini ukweli ndio huo: amani ilimpa hamsini, vita ikampa sabini. Hata Exetat ilimkuta Sake, maana mwezi wa nne wa mwaka ule wa sita walikuwa wamekimbia tena.

Chuo kikuu kimoja cha Goma kilimjibu kwamba alama zake haziendi sawa, na kwamba atafika mbele ya tume ya fakulte ya udaktari azieleze, pamoja na mzazi au mtu wa kumsimamia.

Wa kwanza kutoa shauri alikuwa Mama Kasoki, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka Mushaki na lori la Fuso linalobeba jibini na viazi hadi mjini. Alikuwa Mkatoliki wa nguvu, rozari ikining'inia kwenye kioo cha gari.

"Mutoto yangu," alisema, "ile pointi mbili za chini kwa bulletin yako ya shule, kuna kijana kule Goma anazitengenezaka. Ile tano anaiongezea tumbo, inakuwa nane. Themanini na moja, themanini na mbili. Commission inafurahi, weye unafurahi."

"Mama Kasoki, na weye kila siku ya Mungu unapokea komunio!"

"Komunio ni ya siku ya Mungu. Bulletin ni ya siku ya kazi."

Verdiane alikataa, na hapo alifanya vema. Kosa lake lilikuwa lingine: hakumwambia baba yake kwamba kibanda cha jibini ndicho kilichomnyima masomo. Alidhani atakwenda Goma na mama yake, aeleze mwenyewe kimya kimya, arudi. Lakini Sebahire alikuwa ameketi pembeni, akifikiri kwa bidii, na Sebahire akifikiri kwa bidii familia nzima huona matunda yake.

"Wanamuchukua miaka saba," alisema. "Atalala kwao, atakula kwao, jina lao litaingia mbele ya jina lake: docteur. Na mimi nimutoe sawa mufuko ya viazi, bila mutu kusema neno? Hapana. Nitaenda na Karangwa."

Karangwa alikuwa msemaji wa arusi. Mzee wa kofia ya kahawia na koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka, alikuwa amesemea wasichana wengi kuliko waliobarikiwa na padri wa parokia. Kipaji chake kilikuwa uongo. Mlemavu alimfanya mchezaji ngoma, mvivu akamfanya nyuki. Katika arusi uongo wa namna hiyo hauhesabiwi dhambi, kwa sababu pande zote mbili zinajua ni mchezo, wanacheka na wanakunywa. Ubaya wake ni kwamba ulimi uliozoea mchezo hauoni pale mchezo unapokwisha.

Karangwa aliitwa, akaja, akapewa kiti.

"Kwanza tuelewane," alisema. "Sisi njo tunaomba, ao sisi njo tunaombwa?"

Sebahire alipima. "Musichana ni wetu. Basi tunaombwa."

"Lakini barua inasema twende kwao. Anayeenda kwa mwingine njo anayeomba."

"Basi tunaomba."

"Tunaomba nini? Bwana?"

"Fakulte."

"Fakulte," Karangwa alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Familia yake ni watu gani?"

"Papa," Verdiane aliingilia, "hii si arusi. Ni commission. Batauliza, mimi nitajibu, mambo inaisha."

"Umeona wapi musichana anajibu?" Sebahire aliuliza, na kwa upande wake mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ilipofika, waliondoka watu sita kwa lori la Mama Kasoki: juu ya viazi Sebahire, Karangwa, na wazee wawili wa kuitikia, ambao hakuna aliyejua wataitikia nini, na Libérata na Verdiane mbele, karibu na dereva. Walibeba jibini mbili kubwa, kreti ya Fanta, na dumu la mutobe, yaani maji ya ndizi mbivu ambayo hayajageuka pombe, kwa heshima ya Wakristo. Matope ya njiani yaliwashika, wakashuka kusukuma, na walipofika chuoni kila mmoja alikuwa na udongo wa milimani hadi magotini.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Rais wake alikuwa Daktari Émilienne, mama mnene wa makamo mwenye miwani kwenye kamba. Kando yake alikaa Profesa Valentin wa fizikia, mwembamba, asiyeamini kitu mpaka akipime. Wa tatu alikuwa Merdi, sekretari, kijana wa tai nyekundu aliyezungukwa na mafaili.

Karangwa aliupima ukumbi kwa macho. Kisha akamrudisha Verdiane na mama yake kwenye kolido, akaurudisha mlango. "Hapa njo chumba cha ndani," alinong'ona. "Musitoke mpaka niite."

Basi Verdiane aliyasikia yote akiwa nyuma ya mlango.

Alisikia kwanza makaratasi yakipekuliwa. Kisha sauti ya Merdi: "Murekatete... Murekatete... Hapana. Hapa hatuna mutu wa jina hilo."

Verdiane alishika kitasa cha mlango. Lakini ndani Karangwa alipiga makofi kwa furaha, na Libérata akambana bintiye mkono, uso umemng'aa. Maana arusi zote za kwao huanza hivyohivyo: wenyeji hukana kwamba wana msichana yeyote.

"Unasikia?" Libérata alisema. "Hawa ni batu ba adabu."

"Nilijua!" Karangwa alikuwa akinguruma. "Mwenye kitu kizuri anakifichaka! Mutafute vizuri, kaka. Pengine iko imelala."

"Papa, ninatafuta dossier."

"Njo yeye mwenyewe. Huyo Dossier mutafute."

Dossier, yaani faili lake, ilipatikana chini ya thermos ya chai. Sauti kavu ikafuata, ya Profesa Valentin: "Mumechelewa sana. Tulikuwa karibu kufunga."

"Kweli kabisa, na kosa tunalikubali!" Karangwa alisema. "Kwa kuchelewa tunalipa!" Verdiane alisikia chupa zikigongana na kitu kizito kikitua mezani. Alijua sauti hiyo. Ilikuwa jibini aliyoigeuza kwa mikono yake.

"Hii ni nini?" Kiti kilisukumwa nyuma. "Munatuletea rushwa?"

"Bado!" Karangwa alimtuliza. "Hii ni ya kuchelewa tu. Ingine ingali kwa gari."

Hapo mtu alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, na ilikuwa Daktari Émilienne.

"Papa," alisema alipopata pumzi, "mutahiniwa iko wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani wapi? Sisi njo tuko ndani."

"Basi iko inje. Lakini hawezi kutokea kama hajaombwa."

"Lakini si ninyi njo munaomba?"

Karangwa alimgeukia Sebahire. "Nilikuambia," alisema.

"Sawa," Daktari Émilienne alisema. "Nimekulia kijijini, desturi ninaziheshimu. Tutamuita. Lakini kwanza munieleze hizi alama. Sabini na nne, hamsini na moja, sabini na mbili, hamsini na mbili, kisha Exetat sabini na saba. Hii ni mutoto moja ao ni batoto wawili?"

Hilo ndilo swali walilokuwa wamesafiri kulijibu. Verdiane alikuwa na jibu. Karangwa alikuwa na hotuba.

"Mama Docteur," Karangwa alianza, na sauti yake ikashuka kama anapofika kwenye sifa za bibi-arusi, "musichana huyu, kama si vita, angekuwa amekaa pale mulipo, na ninyi hapa. Ule mwaka wa hamsini na moja alisoma chini ya kitanda. Risasi juu, kitabu chini. Risasi moja ilikata kalamu mukononi mwake, yeye akaandika na nusu iliyobaki!"

"Nusu iliyobaki," wazee wawili waliitikia. Hatimaye kazi yao ilikuwa imeonekana.

"Ule mwaka wa hamsini na mbili, daftari ilikuwa jani ya mugomba! Mbuzi ilikula hesabu yake yote, akaandika tena!"

"Akaandika tena."

"Kweli," Sebahire alisema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa.

Kwenye kolido, Libérata alifuta machozi kwa ajili ya mbuzi ambaye hakuwahi kuwepo. Verdiane hakulia. Aliona hatari ikija kama mtu anayeona ng'ombe akielekea shamba la jirani, naye yuko ng'ambo ya mto.

"Papa," Daktari Émilienne alisema polepole, "ule mwaka wa hamsini na moja mimi nilikuwa Karuba. Tulifanya chanjo ya surua. Hakukuwa hata risasi moja. Nilikula fromage mpaka sketi ikakataa kufunga. Na ule mwaka wa sabini na nne, mimi mwenyewe niliona batu ba Karuba wote Sake, chini ya maturubai."

"Ngoja," Profesa Valentin alisema. Kalamu yake ilikwaruza. "Kwa hiyo vita, sabini. Amani, hamsini. Vita, sabini. Amani, hamsini. Hiyo ni kinyume cha akili. Za chini njo zake. Za juu zilinunuliwa, na ile ya Exetat vilevile. Merdi, funga hii dossier."

Verdiane alinyanyuka. Libérata alimshika gauni.

"Kaa, weye! Karangwa hajamaliza."

"Mama, batu ba commission njo bamemaliza."

Akausukuma mlango.

Watu wote waligeuka. Karangwa, mkono wake ukiwa bado hewani kwa sifa inayofuata, alimwangalia kama mtu anayeona kiti kikitembea.

"Bonjour," Verdiane alisema. "Alama ni zangu zote, za juu na za chini. Papa Karangwa amesema sawa vile banasemaka kwa arusi. Hakuna kalamu iliyokatwa. Hatuna hata mbuzi."

"Bibi-arusi anasema!" Karangwa aliwaambia wazee, na wazee, kwa mazoea, wakaitikia: "Anasema."

"Wakati wa amani tuko na ngombe," Verdiane aliendelea, na maneno yakatoka kwa haraka, kwa kuwa alijua akisimama hatayaanza tena. "Niko kwa nyumba ya fromage tangu giza. Mama iko na mugongo. Ninafika shule nimechelewa, ninalala kwa meza. Wakati wa vita ngombe haiko, kazi haiko, Papa ananituma shule. Njo pale ninasoma. Ni hivyo tu."

Profesa Valentin alimtazama juu ya miwani. "Kwa hiyo weye unaombea vita irudi?"

"Hapana, Profesa. Ninaombea tupate mufanyakazi wa fromage."

Daktari Émilienne alicheka safari hii bila kukohoa. Merdi alicheka. Hata mmoja wa wazee wa kuitikia alicheka, akajificha kwenye mkono wa koti. Kisha wote, pamoja, kama kwa amri, walimtazama Sebahire.

Sebahire alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili na kuitazama ndani. Verdiane alimwona, na angeyarudisha maneno yake kinywani kama yangerudi. Lakini hebu tuseme wazi: miaka minne aliyaficha nyumbani, ambako yangesemwa kwa sauti ndogo kati ya baba na mtoto, na ndiyo maana yalisemwa mbele ya wageni.

"Maneno ni maneno," Profesa Valentin alisema. "Kila mutu anayo."

"Basi munipe mutihani," Verdiane alisema. "Sasa hivi. Hapa."

Walimpa. Profesa aliandika maswali mwenyewe, ya kemia, ya biolojia, ya hesabu na ya fizikia, kwa furaha ya mtu anayetega mtego. Verdiane aliketi kwenye meza ya Merdi, walinzi watatu, mtahiniwa mmoja. Ujumbe wa Karuba ulitolewa nje, ukasimama chini ya dirisha. Karangwa alikuwa amejeruhiwa moyoni, lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake.

"Wanaandika mapatano," alimweleza mwanafunzi aliyepita. "Tumewabana. Fakulte yenyewe ni ya familia kubwa, lakini tumeibana."

Sebahire alikaa kwenye lori, peke yake, juu ya viazi.

Profesa alisahihisha mara mbili, ya pili kwa kutafuta kosa ambalo ya kwanza ililikosa. Mwishoni aliweka kalamu chini.

"Kumi na sita juu ya ishirini," alisema, kama mtu anayeungama. "Kemia na biolojia, hakuna kosa. Fizikia ni mbaya sana."

"Fizikia ilikuwa saa ya kwanza ya asubuhi," Verdiane alisema. "Kila siku, saa ya fromage."

Walimpokea. Daktari Émilienne alimwambia kwamba akianguka somo moja mwaka wa kwanza, atarudi kwenye maziwa yake. Profesa Valentin alisimamia kurudishwa kwa jibini, mutobe na Fanta, chupa kwa chupa, ila moja ambayo Merdi alikuwa ameshaifungua.

Watu wa Karuba waliisikia habari hiyo kabla lori halijafika, kwa sababu wazee wa kuitikia walikuwa na simu. Karangwa alidai kwamba katika maisha yake hakuna msichana aliyemkanusha mbele ya wenyeji, na mila ikampa haki: Sebahire alimtoa mtamba kumtuliza. Njiani vijana walimuuliza Sebahire, "Papa, leo ni amani, ao mutoto anasoma?" Yeye aliongeza mwendo. Lakini mwezi uleule alimwajiri mtu mzima aliyekimbia kutoka Buleusa, akamweka kwenye kibanda cha jibini, na Agathe, mdogo wake Verdiane, akaanza kufika shuleni kengele ya kwanza ikilia.

Verdiane hakuanguka somo hata moja, ingawa fizikia ilimpitisha kwenye tundu la sindano. Vita ilikuja Goma na ikaondoka, na yeye alisoma ilipokuja na akasoma ilipoondoka. Alipompata mchumba, hakuna msemaji wa milima ya Karuba aliyekubali kumsemea msichana anayesahihisha wasemaji. Mjomba mmoja asiye na ulimi alisimama, akasema binti huyu ni daktari na anajua jibini, akaketi. Alipomaliza, hata chakula kilikuwa hakijaiva.

Kwa kufungua mlango ule, Verdiane alipata masomo yake. Alipoteza mtamba wa baba yake na msemaji wa arusi yake. Na kwa miaka minne, kila alipopiga simu nyumbani, Sebahire alimsalimia kwa kinywa cha Libérata.